Mume Aliyeandikwa Kituo cha Kwanza

Jumatatu, 3 Novemba

Nimechemka! Saa nzima kwenye kituo cha kwanza cha ukaguzi jangwani, na si kwa sababu ya maji wala matairi. Kisa ni safu moja ya daftari: "Anayefuatana naye." Nikasema iache wazi, niko peke yangu. Karani akaweka kalamu chini. Eti mwanamke hapiti peke yake. Na yule mwanamume wa baiskeli aliyepita jana? Huyo ni mwanamume, dada. Basi, imeisha!

Miezi minane nimejiandaa. Nimefunga kibanda changu cha ushonaji, nimejifunza kuziba pancha nimefumba macho. Nimemwapia shangazi kwamba kilomita mia nne na thelathini nitazimaliza mwenyewe kwa baiskeli, bila lifti hata ya hatua moja. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu nirudishwe na safu?

Nikamwambia karani: mume wangu ametangulia, amepita alfajiri mkiwa mmelala. Akachangamka huyo! Yukoje? Ana kitambi, nikasema, shati la bluu, mbishi, na barabara haipendi, kila mara anakata njia za mkato. Akaandika yote kwa mwandiko mzuri. Akaanza kunieleza mambo ya redio na vituo vya mbele, sijui mtu akichelewa siku ngapi. Sikumsikiliza. Nilishapanda.

Kilomita 62. Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jumanne, 4 Novemba

Upepo wa usoni kutwa. Mchanga umeingia kwenye mnyororo, unasaga kama meno.

Dereva wa lori la saruji, anatoka huko mbele, kasimama. Mzee yuko wapi? Ametangulia. Mbona hajamwona! Halafu akamsifu – ati huyo ni dume kweli, kumruhusu mkewe safari hii. Kuniruhusu! Ninayekanyaga pedali ni mimi, na mtu ambaye hayupo ndiye anayepewa sifa.

38 tu. Magoti yanawaka.

Jumatano, 5 Novemba

Kituo cha pili. Wameshapigiwa redio. Mumeo hajafika, wananiambia. Nikasema labda amepita bila kusimama. Hapa hapiti mtu bila kuonekana, akasema mlinzi mrefu, taratibu, akanivutia kiti. Chai. Pole. Ana maji ya kutosha? Anatumia dawa yoyote? Hata mmoja hakuniuliza mimi nina maji!

Wakaniomba nikae pale nisubiri. Nikasema tumeahidiana kituo cha tatu. Ningeweza kusema kweli. Lakini wangenirudisha, na hilo silikubali, nimeshatoka jasho la kutosha. Nimejaza madumu yangu mawili nikaondoka. Mlinzi mrefu alinitazama mpaka nikapotea.

Alhamisi, 6 Novemba

Pancha mbili. Gari la doria limenipita mbio, linaelekea nilikotoka. Vumbi lote kwangu, hata honi hawakupiga. Adabu gani hii?

Kilomita 71, lakini.

Ijumaa, 7 Novemba

Kituo cha tatu. Mkuu wa kituo ni mwanamke! Mtu mzima, miwani, sauti ya chini. Nilitaka kumkumbatia. Yeye ndiye aliyenishika mkono. Kaa, mwanangu. Gari letu limekwenda tangu jana kumtafuta mumeo. Madereva wawili, na mlinzi mrefu wa kituo cha pili ameomba mwenyewe kwenda nao. Wameacha barabara, wanafuata njia za mkato, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Asubuhi huko kulikuwa na tufani ya mchanga. Tangu saa mbili redio yao kimya.

Njia za mkato. Maneno yangu, yale ya kucheka.

Nimejaribu kumkasirikia karani. Safu ile bado ni upuuzi, nitasema hivyo popote. Lakini naona aibu. Kilomita 140 zimebaki. Nimezitazama kupitia dirisha, barabara imenyooka, upepo umetulia.

Mama, nikasema, mume hakuna. Hajawahi kuwapo.

Akavua miwani.

"Basi wale watoto wa watu wanamtafuta nani?"

Hakunifokea. Bora angenifokea. Amenipa kipaza sauti cha redio, amesema niwaambie mwenyewe. Naandika hapa mezani kwake. Kila dakika tano nabonyeza, nasema: hakuna mtu huko, rudini, tafadhali rudini. Naachia. Inakwaruza tu. Nabonyeza tena –