Taa ya Difu Inawaka Bure

Shoga, kaka yangu fundi kanigeuka.

Ile loka ya difu niliyompa anifungie kwenye gari langu, ya kufanya magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja, hakuifunga. Kaweka swichi na taa tu. Taa tu, shoga!

Leo nimenasa topeni na mama yumo ndani. Nabonyeza, taa inawaka, gurudumu moja linazunguka peke yake. Trekta ndiyo imetuvuta.

Nikaenda gereji kwake, nikainua gari langu nyuma kwa jeki, nikawasha swichi. Loka ingekuwepo, magurudumu yangezunguka pamoja. Nazungusha la kushoto, la kulia linarudi kinyume.

"Iko wapi?"

"Dada, wewe si unaendesha lami tu."

Nikaisukuma jeki chini ya gari lake.

"Hilo usiinue," akasema.

Nikainua. Nikawasha swichi yake. Nikazungusha gurudumu moja, yote mawili yakazunguka pamoja.