Mikate Mia Sita ya Orménil

Metz, 9 Juni 1792

Kaka yangu Anselme,

Nisamehe kwanza, halafu ndiyo usome. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari mmoja, na najua umekuwa ukimuuliza Barbe wa mayai, kila anaporudi kutoka huku mjini, kama nimempa chochote. Sijakusahau. U hali gani? Mgongo wa mama umepata nafuu? Na wewe, macho bado yanakuwasha kwa moshi wa tanuri? Sisi tunapumua. Thècle ametimiza miaka mitatu na anasema kila kitu isipokuwa kile anachoulizwa. Firmin ana kifaduro. Hukohoa mpaka anageuka rangi ya zabibu, nami humshika wima begani mpaka mkono unakufa ganzi. Naandika kwa mkono huohuo, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Kuchelewa kwangu kuna sababu. Katika nyumba hii barua zote hupitia kwa mama mkwe. Huzifungua, huzisoma, kisha huniuliza, na neno hili hapa, mwanangu, ulikuwa na maana gani? Mpaka amalize kuuliza, kinachobaki ni salamu tupu. Na tangu vita na Waustria vitangazwe hakuna anayetoka malango ya mji bila hati, na hati ya mke hutiwa sahihi na mumewe. Mume wangu Jacquemot anasema mke wa kapteni hana shughuli barabarani siku hizi. Basi dunia yangu ni vyumba viwili, ngazi, na kisima cha uani. Haya nayaandika hapa juu kwenye ngazi za dari, mtoto begani, wino kwenye ganda la yai. Barbe akija Jumatatu nitamtilia kikapuni, chini ya majani.

Unajua kwamba Jacquemot anaandika kitabu. Kinawahusu wale wazee waliolitengeneza upya jeshi letu baada ya aibu ya vita vya enzi za baba: yule aliyepunguza uzito wa mizinga na kuyafanya magurudumu yote yawe ya kipimo kimoja, yule aliyefundisha jeshi kugawanyika njia tano na kukutana siku ya mapigano, na wale waliosema kwamba jeshi linalokokota tanuri na magunia yake litatembea kama konokono, kwa hiyo lipate chakula chake palepale lilipo. Anawapenda wazee hao kama watu wengine wanavyowapenda watakatifu. Vitabu vyao vimejaa mpaka chini ya kitanda, na Thècle hupanda juu ya kimoja ili aifikie meza.

Mimi ndiye ninayemnakilia, maana mwandiko wake utadhani kuku amepita. Kitabu chote alicho nacho mpiga chapa Hennequin ni mkono wangu. Na ndani yake mna jedwali la vijiji vyote vya njia za kwenda mpakani: nyumba ngapi, visima vingapi, na mikate mingapi tanuri la hapo linaweza kutoa kwa siku. Wakubwa wamelipenda jedwali hilo kuliko mizinga na magurudumu yote. Hawakungoja hata kitabu kichapwe, wameagiza linakiliwe, na maofisa wa chakula tayari wanatembea nalo mfukoni.

Sasa sikiliza yaliyotokea Brouville. Barbe alikuwapo. Sajini alifika na kikosi, akalikunjua jedwali, akasema Brouville mikate mia tatu, leteni. Watu wakatoa sabini, ndiyo yote iliyokuwepo. Sajini akacheka, akawauliza iliyobaki wameizika wapi, au wamewawekea Waustria? Unajua neno hilo siku hizi linampeleka mtu wapi. Walivunja sakafu. Walichukua mbegu. Meya wakamfunga kwenye nguzo ya kinu tangu asubuhi mpaka alasiri. Bikizee mmoja ndiye peke yake aliyemjibu sajini, akamwambia basi nenda kamwite huyo aliyeandika, aje akande mwenyewe! Barbe alikuwa akicheka akinisimulia. Mimi nilichukua mayai nikapanda ngazi.

Na sasa ni zamu yenu. Jacquemot alisema juzi kwenye chakula, tena kwa furaha, kwamba vikosi viwili vitapita Orménil karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yohana, tarehe 24, na havitabeba mkate, maana jedwali limesema Orménil ina mikate mia sita kwa siku. Mama mkwe akaniambia, haya, mwanangu, ndugu zako watatupokelea wageni.

Nilijaribu, kaka. Nilimwambia mume wangu labda mia sita ni nyingi. Akaweka kijiko chini, akaniuliza taratibu tu, bila ukali: wewe ndiye uliyeniambia, je, ulikosea wakati ule au unakosea sasa? Mama yake alikuwa ananitazama. Nikasema supu inapoa.

Sikukosea wakati ule. Nilijisifu. Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia hivi.

Ilikuwa majira ya baridi ya kwanza ya ndoa yangu. Luteni mmoja alikuwa mgeni mezani, mtu wa mizaha, akaniuliza, bibi harusi, huko kwenu Orménil mnakula nini, mawe au vigogo? Mama mkwe akamwambia mwache, hebu tazama meno yake, ameyazoeza. Wakacheka wote, na Jacquemot akacheka nao. Hicho ndicho kilichoniuma. Nikasema tanuri la baba yangu hutoa mikate mia sita ya ratili nne kwa siku.

Unaijua siku ya mikate hiyo mia sita. Ni siku ya Mtakatifu Remi, vijiji vitatu vinapoleta unga wao kwetu, na baba na wewe na mimi tukachoma mara tano bila kulala. Siku moja katika mwaka. Asubuhi baada ya chakula kile Jacquemot alinijia na kalamu, akaniuliza, mia sita, ulisema? Kwa siku? Nikasema ndiyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya Thècle, na ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba hii mtu kuandika nilichosema. Sikujua kwamba angeichukua Orménil kuwa kipimo cha vijiji vingine vyote: nyumba sabini mikate mia sita, nyumba thelathini na tano mikate mia tatu. Hiyo ndiyo Brouville. Bikizee yule alikuwa ananiita mimi.

Namba hiyo nimeinakili mara nne. Karatasi ya majaribio ya jedwali imekuja kutoka kwa Hennequin, nimeificha katikati ya nepi za Firmin, na Hennequin anaitaka irudi tarehe 20. Naweza kuisahihisha mwenyewe, mpiga chapa anaujua mwandiko wangu kuliko wa mume wangu, na nitafanya hivyo liwe liwalo. Lakini hiyo itawafaa watakaosoma kitabu mwakani. Nakala zilizo mifukoni mwa maofisa hakuna awezaye kuzirudisha ila Jacquemot, na Jacquemot haamini maneno, huamini kinachopimika. Nikipata ushahidi nitauweka mezani mbele yake na mbele ya mama yake, na nitasema kwa kinywa changu kwamba nilidanganya. Wacheke watakavyo.

Wewe msomee meya barua hii. Mwambie msifiche unga hata kibaba kimoja, maana wakikuta kilichofichwa watasema jedwali lilikuwa kweli. Milango iachwe wazi.

Mbusu mama mikono yote miwili. Ukimweleza, mweleze yote, anikasirikie nikiwa bado mbali. Majirani wa upande wa kisima nao wapate salamu zangu, na punda pia, kama yu hai.

Nitumie kwa Barbe, kabla ya tarehe 20: karatasi yenye idadi ya nyumba, siku za kuchoma mkate kwa wiki, mikate ya mchomo mmoja wa kawaida, na magunia yaliyo kinuni leo, ikiwa na sahihi ya meya na ya padri. Kimoja cha vile vijiti vya baba alivyokuwa akivikata alama kila mchomo, cha wiki yoyote isiyo ya sikukuu. Asali kidogo kwa kifua cha Firmin. Na mkate mmoja wa tanuri letu, mweusi, mdogo kama ulivyo, usinichagulie mzuri.

Dada yako,
Perrine