Wakazi wa Mabehewa

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Miguu inasemaje? Mimi mzima, ila basi la jana limenitikisa hadi meno.

Kitabu cha safari zangu kimekamilika. Wamo wachimba makaburi, wamo wazee wa ile kambi ya wakoma, na wamo watu wako wa kwenye mabehewa mabovu. Sura ya Fundi Viatu ndiyo imenikolea kuliko zote. Nakutumia nakala, maana wewe ndiye uliyenipeleka kwake.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ndiyo hiyo, inanibeba ikipenda.

Nimesoma, nimecheka, nimelia. Lakini mbona umeeleza mpaka njia? Nyuma ya kiwanda cha matofali, bati la tatu, lisukume kwa goti! Askari wa jiji wanaitafuta njia hiyo mwaka wa pili sasa. Wale watu wanaishi kwa kujificha, na wewe umewachorea ramani. Futa, baba. Nakuomba sana.

Shangazi yako

27 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeikuta leo kwa mwenye nyumba. Nilikuwa safarini, imekaa mwezi mzima.

Nimekimbia hadi kwa mchapishaji. Vitabu vimeshaondoka na malori, viko madukani. Nimemwomba avirudishe, nimepiga hata magoti. Akaniagizia chai. Maji yameshamwagika, Shangazi, na aliyeyamwaga ni mimi. Tafadhali waambie wahame. Naogopa.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sina habari njema.

Nilikwenda kuwaambia. Fundi Viatu akanicheka: "Nihame, halafu wasomaji wakija kunitafuta?" Tangu asikie yumo kitabuni alikuwa ananyoa ndevu kila asubuhi.

Jumatatu askari wakaja, mmoja kashika kitabu chako. Fundi alipoliona jalada akawafungulia mwenyewe, akawapangusia viti. Wakaketi kidogo, kisha wakaanza kutoa vitu nje. Mabehewa yamevutwa yote. Watu ishirini na wawili hawana pa kulala, na wengine sijui hata walikoelekea.

Yeye yuko hapa sebuleni kwangu, hana nyundo wala sindano. Anasema wale hawakuwa wasomaji wenyewe, wasomaji wenyewe bado wako njiani. Nimejaribu kumweleza mara mbili, nimeshindwa.

Ameniomba nikuandikie kwamba anakushukuru sana. Nami nimemwambia nitaandika.

Shangazi yako