Pale Umande Usipolala

Jumanne, 6 Mei

Nimezunguka ufuko wote pekupeku kabla jua halijatoka. Umande mzito leo. Sehemu tano zimekauka, moja ni mpya, karibu na bafu la mabati. Nimehamisha mawe matatu ya alama. Chokaa inabanduka, itabidi nipake tena.

Pale umande usipolala, chini kuna moto. Mama alinifundisha nikiwa na miaka saba. Ardhi yetu hapa kando ya ziwa Rukwa ni kama chapati iliyovimba, juu pagumu, ndani mvuke. Mtu anapita. Mbuzi anapita. Gari, hapana. Mwaka juzi lori la mkaa lilipuuza mawe yangu, likazama tairi mbili, na maji yaliyofoka yakambabua utingo miguu yote miwili. Tangu hapo hakuna anayecheka mawe yangu.

Kuku wameingia tena kwenye banda la wageni. Nimewafukuza na ufagio.

Stela yuko Vwawa tangu Jumapili. Amesema kile kikao chetu cha kijiji cha Februari kimezaa matunda, atanieleza akirudi. Sawa. Mambo ya karatasi ni yake, mambo ya ardhi ni yangu. Ndivyo tulivyogawana tangu tulipokuwa tunapika ugali wa madereva pale Mpemba, miaka kumi na moja sasa. Yeye alikuwa na Kiingereza na Kibemba cha mpakani, mimi nilikuwa na ufuko wa mama. Wageni wenye magari ya kulala ndani wakivuka Tunduma kutoka Zambia, yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia kuna ziwa, kuna bwawa la maji moto la kuoga mahali pasipo na mamba. Wakaja. Wakaambiana. Hivi ndivyo kambi yetu ilivyoanza.

Ijumaa, 9 Mei

Stela karudi. Kaja na bwana mmoja wa miwani, mwekezaji kutoka Dar, na vijana wawili wenye futi ya kamba. Wamepima kuanzia mgomba wa kwanza hadi majini. Mimi nimepika. Wamekula samaki wangu hadi mifupa.

Bwana yule hapendi kuku. Kamkanyagia mmoja mavi na kiatu cheupe, basi imekuwa kesi. Kasema mgeni halipi alale na kuku. Stela kacheka, kasema, "Dada, si kuku kumi tu hao? Tuwachinje, tuwakaribishe nao wageni."

Nimekusanya sahani.

Stela hajui kazi ya kuku wale. Anajua umande, nilimfundisha mwenyewe, nimemshika mkono kama mtoto. Lakini umande ni wa kiangazi. Mvua ikinyesha kila kitu kimelowa, halafu moto wenyewe unahama chini kwa chini, jana uko huku, leo uko kule. Siku hiyo unafungulia kuku. Kuku aliyelowa anajua penye joto kuliko mchawi. Atakapochuchumaa na kutandaza mbawa, hapo usiweke gari. Ndiyo maana tangu zamani za mama ufuko huu haujawahi kukosa kuku. Wageni wa mvua ni wachache, na siku zao nimekuwa nikifanya mwenyewe alfajiri, Stela amelala.

Mama alisema, fundisha yote, moja baki nalo. Nilimwona mchoyo. Nikafanya hivyo hivyo.

Jumanne, 13 Mei

Ninaandika kabla hata ya kuvua viatu.

Mwenyekiti wa kijiji kaniita kwake asubuhi. Ni mpya, kachaguliwa juzi juzi, anapekua mafaili ya mwenzake aliyepita. Kanionyesha muhtasari. Unasema mimi, kwa hiari yangu na akili timamu, nimeuachia ufuko wa mama yangu utumike na kampuni ya yule bwana, na msimamizi wake ni Stela. Nyuma kuna karatasi ya majina. Jina langu la nne. Saini yangu, ile yenye mkia.

Nikasema sikusaini muhtasari wowote. Mwenyekiti kaniuliza nilisaini nini Februari.

Mahudhurio! Nilisaini mahudhurio. Tulikaa kwenye benchi, tukapewa soda na biskuti, karatasi ikapitishwa, kila mtu kaandika jina na saini kama tunavyofanya kila kikao cha nchi hii. Nani anasoma juu ya karatasi ya mahudhurio? Juu palikuwa peupe. Stela ndiye aliyekuwa anaandika. Stela ndiye aliyenipa kalamu, akaniambia, "Hapa dada, usivuke mstari."

Mama alikuwa akisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilidhani anasema chawa.

Jumatano, 14 Mei

Sijala. Kanizunguka. Kanizunguka mchana kweupe huku akiniita dada.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemsubiri hadi leo ili nisimpige. Nimemkuta anapaka rangi kibao kipya, jina la kambi limebadilika. Nimemuuliza neno moja tu, kwa nini.

Hakukana. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kaweka brashi chini, kasema, "Dada, hati huna. Mama yako hakuwa nayo, na wewe hujawahi kuitafuta. Huyu asingekuja, angekuja mwingine, na mwingine asingekuacha hata jikoni. Mimi nimekuombea jikoni."

Jikoni. Kwenye ufuko wangu! Nimeombewa jikoni.

Nimesema, "Asante, Stela." Nikaondoka. Maneno mazuri yote yamenijia njiani, nikiwa nimeshafika kisimani.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda kanisani. Stela alikuwa safu ya mbele na kitenge kile nilichomnunulia mwenyewe Tunduma. Ninakumbuka siku tunamzika mama. Watu wa ukoo walikaa kivulini wakabishana nani achinje ng'ombe. Stela alikaa jikoni na mimi siku nne, akipuliza kuni mbichi, macho mekundu kuliko yangu. Yule alikuwa Stela gani?

Jioni nimekwenda kambini kuwachukua kuku, niwalete nyumbani kwangu. Jogoo mmoja, matetea tisa, wote kwenye tenga. Bodaboda kasema tenga linanuka, nimemwambia na yeye pia. Stela kasimama mlangoni, kasema nimefanya vizuri, bwana atafurahi.

Atafurahi sana.

Jumanne, 20 Mei

Mwenyekiti kasema twende baraza la ardhi. Kasema itachukua muda, lakini mashahidi wapo, hata wao walisaini mahudhurio. Nimekubali. Lusekelo, mwanangu, kapiga simu kutoka Lubumbashi na lori lake, kasema mama usilie, nikirudi tutajua. Sikumwambia kwamba silii.

Ukweli niuandike humu, hakuna anayesoma. Ninaombea mvua. Msimu umeisha lakini mvua ya kufungia bado haijapita, kila mwaka inakuja moja ya kuaga. Ikinyesha, umande wa Stela hautamsaidia kitu. Watakwama. Watanitafuta mpaka mlangoni, na bwana wa miwani atavua miwani, na mimi nitasema haya tukae, tuzungumze juu ya ufuko wa nani. Hiyo ndiyo hati yangu. Kuku kumi.

Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumanne iliyopita.

Alhamisi, 22 Mei

Joto la kukaba. Nyasi hazisogei. Mafundo ya miguu yanauma, mvua iko karibu.

Muuza nyanya kasema magari manne ya kulala yamevuka mpaka, yamelala Mpemba, kesho yanashuka ziwani. Moja ni kubwa kama lori, lina ngazi na choo ndani. Kasema kuna bibi na babu wa kizungu na wajukuu wawili.

Sikumuuliza habari za wajukuu. Watu wengine hawajui kukaa kimya.

Ijumaa, 23 Mei

Nimepanda kilimani kuokota kuni. Uongo. Nimepanda kuangalia.

Alfajiri Stela alikuwa anatembea ufukoni pekupeku, viatu mkononi, gauni kalikunja magotini. Anakwenda hatua mbili, anasimama, anainama. Kagusa kwa kisigino kwanza, halafu kidole. Mama alikuwa hivyo hivyo. Mimi sijawahi kuwa na utulivu ule, huwa napita haraka haraka. Mawe yake yote yako sawa. Hata lile la karibu na bafu.

Nimekasirika kuliko siku ya muhtasari. Mwizi angeiba vibaya ningepumua.

Mchana magari yakafika. Nimesikia Stela akimsalimia dereva wa Kizambia kwa Kibemba chake, mulishani, vicheko. Saa kumi wingu likasimama upande wa milima. Saa kumi na moja mvua.

Jumamosi, 24 Mei

Imenyesha usiku kucha, na asubuhi bado. Nilikaa kitandani nikasubiri kufurahi. Nilikuwa nimepanga kila kitu, hadi kiti ambacho bwana yule angekalia.

Kisha nikamkumbuka yule utingo. Nilimshika miguu mwenyewe siku ile, ngozi ilitoka na soksi.

Nimevaa mabuti, nimefunga tenga mgongoni kama mtoto, nimekimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, na kuku mgongoni, kwenye matope. Watu walionipita wamesema shikamoo mama Lusekelo, na hakuna aliyeuliza.

Nimekuta maji ya ziwa yamepanda na wageni wanataka kuhama sehemu ya juu. Lile gari kubwa limeshawashwa. Watoto wawili wanachungulia dirishani. Stela yuko mbele, amelowa chapachapa, analiita kwa mikono miwili, njoo, njoo. Anafuata mawe yake ya jana. Nimepiga kelele. Mvua, mashine, hajanisikia. Nimefungua tenga.

Kuku wamejikung'uta. Jogoo kaangalia huku na huku kama mgeni rasmi. Halafu wote wakaenda mbio, wakachuchumaa katikati ya njia, hatua nne mbele ya tairi, mbawa wametandaza. Dereva kapiga honi. Hawakuinuka. Wageni wakacheka, babu kapiga picha. Bwana wa miwani katoka barazani akiuliza nani kaleta tena uchafu huu.

Nimechukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa kwenye bafu. Nimewasogeza kuku kwa mguu, nimechoma mara moja tu. Umezama wote hadi mkononi. Nimeruka nyuma, mvuke ukatoka unapiga mluzi, na maji, na harufu ile ya mayai viza. Hakuna aliyecheka tena. Bibi akawashusha watoto kupitia mlango wa nyuma.

Stela hakutazama shimo. Alitazama kuku, mmoja mmoja. Ana akili sana, sikuhitaji kumweleza. Kasema polepole, "Miaka kumi na moja, dada. Nimelala juu ya ardhi hii. Kwa nini hukuniambia?"

Yeye ndiye anayeniuliza mimi!

Nilikuwa na jibu, jamani. Nilikuwa na majibu kama kumi. Karatasi, kalamu, usivuke mstari. Lakini Februari ni juzi, na mimi nilianza kumficha tangu mwaka wa kwanza, kabla hajanikosea hata chumvi. Wote wawili tumelowa, tumesimama, kuku wametuzunguka wanatafuta pa kukaa.

Jumapili, 25 Mei

Mafua. Sikwenda kanisani.

Nimewaacha kuku kule. Nilimwonyesha Stela mbele ya gari lile: wafungue kabla ya kupambazuka, wakae nje walowe kwanza, usiwape mahindi maana watafuata mahindi. Ukiwaona watatu pamoja, weka jiwe. Mmoja peke yake anaumwa tu. Kaandika kwenye daftari. Mwandiko wake mzuri kama zamani.

Bwana wa miwani kasema kuku sasa wanaruhusiwa. Nimeshukuru kwa niaba yao.

Mwenyekiti kaja jioni, kanikaripia. Kasema nilikuwa na karata moja nikaitupa uchi mezani. Ni kweli. Sasa hawanihitaji kwa lolote. Baraza tutakwenda, lakini baraza linasoma karatasi, na karatasi ina saini yangu.

Sijamsamehe Stela. Niliandike hilo wazi, asije mtu akadhani.

Alhamisi, 29 Mei

Stela katuma mayai kumi na mawili kwa bodaboda yule yule. Hakuna barua. Nimeyarudisha sita.

Lusekelo kavuka mpaka, atafika kesho. Nimefagia uwanja. Hakukuwa na cha kufagia, mavi hayapo, manyoya hayapo.

Ijumaa, 30 Mei

Nimechelewa kuamka, jua liko usoni. Sijazoea. Hakuna jogoo hapa.

Nimetoka nje pekupeku kwa mazoea. Umande umelala uwanja mzima, hadi mlangoni. Hapa nyumbani hapajawahi kuwa na moto chini. Nimesimama kidogo, miguu ikapata baridi, nikarudi ndani kuchemsha chai.