Damu Niliyoiona Chooni kwa Baba Mkwe

Shangazi Rahabu, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijaugua mimi kwa mawazo. Naishi Sepuka na baba mkwe wangu, mzee wa miaka sitini na nane aliyefiwa na mke wake, na mume wangu Peniel yuko Rungwa kwenye mizinga ya nyuki, na huku kwetu kama unavyojua mkwe haingii choo cha baba mkwe, yeye ana chake nyuma ya zizi na sisi tuna chetu, sasa kuna kuku wangu mmoja ana tabia ya kwenda kutaga huko, juzi nikachungulia kulia na kushoto nikaingia kufuata mayai, nikakuta damu, damu kabisa Shangazi, imechanganyika na choo, ndipo nikaelewa kwa nini tangu tuvune alizeti mzee anafua suruali zake mwenyewe wakati zamani alikuwa ananipa mimi, na mkanda wake ameutoboa matundu mapya kwa msumari, nikimuuliza anasema ni mkanda umelegea kwa joto, ugali anaumega mara mbili anaacha, eti uzee hauna njaa, nami mjinga nikadhani ni choo kigumu nikawa namzidishia mlenda.

Huyu mzee nampenda, Shangazi. Nilipojifungua kwa kupasuliwa yeye ndiye alikuwa ananichotea maji kisimani, mwanamume na mvi zake na ndoo, watu wakamcheka, akawaambia, "Chekeni polepole msije mkachoka, bado nina ndoo nyingine." Sasa nitamwambiaje kwamba nimeona choo chake? Peniel akipiga simu nasema baba hajambo, nakata, nalia. Nikisema, nitakuwa nimevunja heshima, nikinyamaza naogopa nitamzika. Nifanyeje?

Mkwe, Sepuka

Marahaba, mwanangu. Futa machozi kwanza, maana nitakugombeza kidogo. Umemwona mzee anakonda, anaacha ugali, anajifulia suruali, na dawa yako ikawa mlenda! Mlenda ni mboga. Na Peniel unamwambia baba hajambo. Hajambo gani ya mtu anayetoboa mkanda kila mara?

Kuingia chooni sikulaumu, hata kuku simlaumu, tena mwachie atage anapotaka. Ila tazama mlipofika: mzee anakuficha kwa sababu anakuheshimu, nawe unamficha kwa sababu unamheshimu. Mtaheshimiana hivyo mpaka kaburini. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Sikwambii kwamba ni saratani. Mimi si daktari, na damu ina sababu nyingi, bawasiri ikiwemo. Lakini damu pamoja na kukonda na kukosa hamu ya kula, kwa mtu wa umri wake, si uzee. Ni jambo la kupimwa upesi, kwa sababu saratani ya utumbo mpana ikiwahiwa hutibika, ikicheleweshwa inakuwa habari nyingine. Asije mtu akawaambia ni bawasiri tu kabla daktari hajaangalia.

Mpigie Peniel leo, umweleze yote bila kupunguza. Mtandao wa Rungwa ukikataa, mtafute ndugu wa kiume wa mzee. Mambo ya choo, wanaume wazee huambiana wenyewe, na hapo heshima yako inabaki palepale. Waanze kituo cha afya. Watampima kinyesi na damu, na ikibidi wataandika rufaa ya hospitali kubwa, huko wanapitisha kamera ndogo njia ya haja kubwa. Mzee atakasirika. Aachwe akasirike, ila aende.

Nawe usibaki jikoni. Daktari atauliza imeanza lini, anakula nini, amepungua kiasi gani, na mwenye majibu nyumba nzima ni wewe. Wakikuta ni saratani, Peniel na ndugu zake nao wakapimwe hata kama hawaumwi, kwani ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya ukoo.

Gazeti hili unalonisoma liweke chini sasa, habari za mpira hazitakukimbia. Mzee bado anatembea kwa miguu yake. Mpelekeni wakati bado anatembea.