Walichoandika Kuhusu Deme

Tandika, Temeke
12 Februari 2024

Kaka Audax,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Muleba. Sie afya tunayo, ila mie nimechanganyikiwa.

Ijumaa niliitwa shuleni kwa ajili ya Deme. Mwalimu mkuu akanipa karatasi imeandikwa "Mpango wa Elimu ya Mtu Binafsi". Akasema, "Mama Deme, hii ni kwa faida ya mtoto. Saini hapa." Unajua tangu ile homa ya uti wa mgongo, kusoma kumegoma, na mtoto ana miaka tisa sasa. Nikaona msaada umefika, nikasaini. Nimerudi nyumbani ndiyo nasoma chini kabisa: asomee nyumbani mpaka nafasi ipatikane.

Kaka, nimemfukuza mwanangu shule kwa mkono wangu! Kila asubuhi anavaa sare, anakaa mlangoni kunisubiri. Nimwambie nini? Nimeweka nakala humu. Wewe ndiye unayefundisha watoto kama yeye.

Mdogo wako,
Koku

Muleba
25 Februari 2024

Mdogo wangu Koku,

Marahaba. Sie wazima, wifi yako anakupa pole sana.

Karatasi hiyo haikuwekwa ili kumwondoa mtoto. Mpango huandikwa na walimu pamoja na mzazi: Deme anaweza nini leo, muhula huu afundishwe nini, nani atamfundisha, na lini mkae tena kuona amefika wapi. Kwenye yenu, penye "uwezo wa mtoto", wameandika neno moja: "Hakuna". Nililisoma nikainuka mezani, nikaacha chakula.

Rudi, useme huukubali. Omba apelekwe kupimwa. Na uwaandikie yote anayoyaweza, hata yale unayoyaona madogo.

Kaka yako,
Audax

Tandika
17 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Habari za huko na mvua? Sie tupo.

Nilirudi. Mwalimu mkuu hakunifokea, bora hata angenifokea. Alisema kwa upole, "Mama, darasa moja lina watoto mia na arobaini. Nani akae na wako peke yake?"

Niliandika ulivyosema. Anahesabu vizibo hadi saba. Ananitengea vitunguu vya kuuza, vikubwa huku, vidogo huku. Jina la mtu hasahau. Niliandika huku nalia, maana nilikuwa nayaona kila siku bila kuyaona.

Watampima Aprili 16. Shule ya jirani ina kitengo cha elimu maalumu, imebaki nafasi moja. Ila mume wangu Fransis hataki. Anasema Deme aende kwa bibi yake Newala akafuge kuku. Nikimtajia shule tu, anatoka nje.

Mdogo wako,
Koku

Muleba
2 Mei 2024

Koku mdogo wangu,

Hamjambo? Simu yako haipatikani wiki ya tatu sasa. Deme alipimwa? Niandikie hata mstari mmoja, usiku silali.

Kaka yako,
Audax

Tandika
9 Juni 2024

Kaka Audax,

Shikamoo. Tu wazima, na unisamehe.

Siku mbili kabla ya kupimwa nilitoka sokoni nikakuta Fransis ameondoka na Deme. Nilienda kwenye upimaji peke yangu. Wakaita jina lake, nikainuka nikaondoka. Kisha nikauza mzigo wote wa vitunguu, na simu nikauza, nikapanda basi la Newala.

Nilimkuta Fransis uani kwa mama yake. Nilimtukana matusi ambayo sijui niliyatoa wapi. Akaningoja nimalize, ndipo akasema, "Koku, mie sijui kusoma."

Miaka kumi na moja ya ndoa, kaka! Kumbe alivyokuwaga ananipa simu nimsomee, eti macho yanamuuma, ndiyo hivyo. Akasema, "Nilichapwa kila siku mpaka darasa la nne nikakimbia. Mwanangu asichapwe."

Nilibaki naye huko wiki nyingi mpaka akakubali. Tukarudi wote watatu. Juzi Deme amepimwa, wakakaa na sie kuandika mpango mpya. Fransis akasema mbele ya walimu wote, "Mie sijui kusoma. Nisomeeni."

Madamu Mauwa wa kitengo akamsomea mstari kwa mstari, bila haraka. Anayoyaweza Deme yamejaza nusu ukurasa. Lakini ile nafasi imeshachukuliwa. Mstari wa mwisho unasema ataanza Januari.

Fransis akauliza, "Na kesho je?"

Madamu akaitazama karatasi, akaigeuza. Nyuma kulikuwa kweupe.

Mdogo wako,
Koku