Kikombe cha Kwanza

Elerai, Arusha
9 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na baridi ya huko Poli haijayashika magoti yako. Mimi sijambo, ila nimekonda kidogo. Usianze kulaumu mapishi yangu.

Umenitania kwamba kila nikipiga simu ni Sista Ndeshi, Sista Ndeshi. Ni kweli, Mama, muuguzi mfawidhi wetu nampenda. Kila asubuhi, kabla ya kupokezana zamu, huleta chupa ya chai na kuuliza nani alikosea jana. Anayesema humiminiwa kikombe cha kwanza kwa mkono wake, kisha tunatafuta njia kosa lisirudi. Siku ya kwanza nilidhani ni mtego. Akaanza yeye: aliandika vibaya uzito wa mtoto, na mfamasia asingeuliza, mtoto angepewa dawa maradufu. Akajimiminia chai, akanywa mbele yetu.

Siku hizi kila dawa tunaisoma wawili. Hata Sadoki wa usafi humwambia daktari hajanawa mikono, na daktari ananawa! Kule hospitali nilikotoka kosa lilikuwa la mnyonge, na sisi wengine tulishukuru Mungu kwamba si letu.

Jumatatu nami nilikinywa kikombe hicho. Kosa langu halikuwa la jana, lina miaka mitatu. Sista Ndeshi alisikiliza mpaka mwisho, akasema mficha uchi hazai, kisha akanisaidia kuandika barua kwa uongozi wa ile hospitali. Huenda nikapoteza leseni.

Mama, sindano iliyokuvimbisha ukakaribia kutuacha nilikuchoma mimi. Ulikuwa umezidiwa na homa, hukunitambua. Nilijua penisilini inakudhuru, lakini kwa haraka sikusoma kichupa. Wodi ilikuwa chini ya muuguzi mwenzangu Agnela zamu ile, wakamfukuza yeye. Nami nikanyamaza.

Juzi nilimfuata Makumira, anakouza vitenge. Nilipomweleza alilia sana, wala hakunipa mkono. Sikumlaumu.

Naona aibu, Mama, na ninakuomba msamaha. Ila nina ombi jingine. Miaka yote hii umewatajia akina mama wa kanisani jina la muuguzi aliyetaka kukuua. Jumapili hii waambie ulikosea jina. Waambie ni Lilian.

Msalimie Baba, na majirani wote watakaokubali salamu zangu.

Ni mimi mwanao,
Lilian